Homa ya Papasi: Jinsi Bakteria Mmoja Alivyopata Jina Lake

  Ninyi mlio madarasani Shinyanga, Kahama na Geita, wekeni madaftari yenu mezani na kalamu zenu tayari. Msomaji wenu atawasaidia neno likiwa gumu.

Leo tutazungumza habari za historia. Lakini hatutataja wafalme wala vita. Tutataja kiumbe mdogo mno, asiyeonekana kwa macho, ambaye amewaua watoto wengi na kuwaharibia mimba mama wengi katika nchi yetu. Kiumbe huyo ni bakteria. Hukaa tumboni mwa papasi, yaani yule kupe wa nyumbani anayejificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta. Tutaona jinsi wajuzi walivyomtambua, jinsi walivyompa jina, na kwa nini jina hilo lina maana kwetu sisi tulalao chini ya mapaa haya.

NG'OMBE WALIOCHANGANYIKA LAMBONI

Kwanza yafaa tuelewe kazi yenyewe. Kutambua aina ya kiumbe ni kazi gani?

Wafugaji wa Usukuma wanaijua kazi hii. Wakati wa kiangazi makundi mengi hukutana lamboni kunywa maji. Ng'ombe wa watu kumi wamechanganyika. Mchungaji atawatenganishaje? Kwanza atatazama umbo: rangi, pembe na nundu. Lakini ng'ombe wawili wekundu waweza kufanana kama mapacha. Basi pili atatazama mwenendo: huyu hufuata mluzi wa bwana wake, na yule hushika njia ya boma lake. Na ubishi ukizidi, atauliza uzao: mama yake ni ng'ombe gani, naye alizaliwa katika zizi la nani?

Wajuzi wa bakteria wamefuata njia hizo hizo tatu: umbo, mwenendo na uzao. Zikumbukeni, maana somo letu lote litapita humo.

HOMA INAYOONDOKA NA KURUDI

Sasa tutazame ugonjwa wenyewe. Mtu ameumwa na papasi usiku. Baada ya siku kadhaa homa kali humshika ghafla. Kichwa kinauma, mgongo unauma, viungo vinauma, tena hutapika. Siku chache zikipita, homa huondoka. Mgonjwa husema, "Nimepona," akashika jembe lake. Kumbe bado. Baada ya siku chache tena, au juma zima, homa ile ile hurudi. Huondoka, na kurudi tena. Kwa sababu hiyo huitwa homa ya kurudia, au homa ya papasi.

Wenyeji wa bara letu waliujua ugonjwa huu kabla ya dakitari yeyote kuuandika. Walijua kwamba nyumba fulani ina papasi, na ya kuwa mgeni akilala humo ataugua. David Livingstone naye alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1857 habari za kupe wa nyumbani aliowakuta Angola. Alisema kuumwa nao huleta maumivu, kutapika au homa. Basi watu walimjua mwenye kuuma. Aliyekuwa hajulikani ni yule mdogo aliyekaa ndani yake.

Papasi ni mnyama mvumilivu. Ana miguu 8 kama kupe wa ng'ombe. Lakini kupe wa ng'ombe hushikamana na ngozi siku nyingi, naye papasi hunyonya kwa muda mfupi tu, kisha hurudi mafichoni kabla mtu hajaamka. Aweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Nyumba iliyoachwa tupu hudhaniwa kuwa salama, naye bado amo humo, anangoja.

Kadhalika ni msafiri. Yeye hana mbawa, na kwa miguu yake hafiki mbali, lakini huingia katika mikeka, magunia na mizigo ya nguo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe za ndovu na bidhaa kati ya pwani na bara. Njia kuu ilitoka pwani, ikapita Ugogo, ikafika Tabora. Kutoka Tabora njia nyingine ilipanda kaskazini kwenda ziwani. John Speke aliifuata mwaka 1858, akapita katika nchi tuiitayo leo Shinyanga, hata akafika Mwanza. Kila penye kambi palikuwa na vibanda vya kulala. Kila kibanda kilipokea wageni wapya jioni na kuwaaga asubuhi. Papasi hakuhitaji kwenda kutafuta chakula. Chakula kilikuja chenyewe.

NJIA YA KWANZA: UMBO

Mwaka 1868, huko Berlin katika nchi ya Ujerumani, dakitari kijana aliyeitwa Otto Obermeier alitazama kwa darubini kali damu ya wagonjwa wa homa ya kurudia. Aliona vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama waya wa springi, vikienda huku na huku. Hakutangaza jambo hilo mpaka mwaka 1873, na mwaka huo huo akafa kwa kipindupindu.

Basi Ulaya wakajua kwamba homa ya kurudia huletwa na kijidudu kilichosokotwa. Lakini huko Ulaya hakuna papasi wa aina yetu. Je, homa ya Afrika ilikuwa ile ile?

Mwaka 1904 madakitari wawili katika Uganda, Philip Ross na A. D. Milne, walitangaza kwamba wameona vijidudu vilivyosokotwa katika damu ya wagonjwa wa homa ya kupe. Wakati huo huo wajuzi wengine wawili walikuwa katika Kongo ya mashariki wakichunguza jambo lile lile. Mmoja alikuwa Joseph Everett Dutton, Mwingereza, na wa pili John Todd, mtu wa Kanada. Walikuwa wametumwa na chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Liverpool. Dutton alikuwa na sifa tayari, kwa kuwa mwaka 1901 huko Gambia alikitambua katika damu ya mtu kijidudu cha namna ile inayoleta ugonjwa wa malale.

Dutton na Todd waliwaacha papasi wawaume nyani, na nyani wakaugua. Kisha waliona ajabu nyingine. Papasi wachanga waliotoka katika mayai ya mama mwenye ugonjwa nao waliweza kuambukiza, ingawa walikuwa hawajamnyonya mgonjwa yeyote. Ugonjwa ulirithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Wote wawili waliupata ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo, katika Kongo, tarehe 27 Februari 1905. Umri wake ulikuwa miaka 30.

Mwaka huo huo wa 1905 Robert Koch alikuwa katika nchi yetu, wakati wa utawala wa Wadachi. Koch ndiye aliyegundua mwaka 1882 bakteria wa kifua kikuu. Alifuata njia ya misafara kutoka pwani kwenda bara, akikusanya papasi katika vibanda vya wasafiri na kuwapasua chini ya darubini. Aliwakuta bakteria katika papasi wengi, na hata ndani ya mayai yao. Alifika katika neno lile lile la Dutton na Todd, naye alikuwa peke yake, mamia ya maili mbali nao. Watu wawili wakifika mahali pamoja kwa njia mbalimbali, habari yao hupata nguvu.

NJIA YA PILI: MWENENDO

Lakini swali lilibaki. Kwa darubini, kijidudu cha Berlin na kijidudu cha Afrika vilifanana sana. Walikuwa ng'ombe wawili wekundu. Je, ni mmoja au wawili?

Wajuzi wakageukia mwenendo. Mjuajua leo kwamba mwili wa mtu aliyepona ugonjwa fulani huweza kumkumbuka adui yule na kumzuia asirudi. Basi mwaka 1906 huko Liverpool, Anton Breinl alijaribu jambo hilo kwa wanyama. Mnyama aliyepona homa ya Ulaya alipotiwa kijidudu cha Afrika, aliugua. Kinga yake haikumfaa kitu. Mwili wake ulikuwa unasema, "Huyu simjui."

Mwaka huo huo huko Michigan, katika Marekani, Frederick Novy na R. E. Knapp walifanya uchunguzi wao wenyewe, wakasema pia kwamba kijidudu cha Afrika ni aina mbali. Hao ndio waliompa jina, wakimkumbuka yule aliyefia Kasongo: duttoni. Mwaka 1907 mjuzi mwingine, Swellengrebel, alilipa kundi zima la namna hii jina la Borrelia, kwa heshima ya Mfaransa Amédée Borrel. Na leo jina kamili huandikwa Borrelia duttonii.

Tazameni jinsi jina hilo lilivyojengwa. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo. La pili ni kama jina la mtu mwenyewe katika ukoo huo. Yule wa Ulaya ni wa ukoo ule ule, akaitwa Borrelia recurrentis.

Tofauti ya tatu ikaonekana upesi. Mwaka 1907 huko India, dakitari F. P. Mackie alionyesha kwamba homa ya kurudia ya huko huchukuliwa na chawa. Sasa jambo likawa wazi. Mmoja hupanda papasi, na mwingine hupanda chawa. Na hapo mtaona faida ya kutofautisha. Chawa hukaa katika nguo na mwili, basi dawa yake ni kuchemsha nguo na kuoga. Papasi hukaa katika nyumba. Ukichemsha nguo zote za kijiji, papasi atabaki sakafuni akikutazama. Ukikosea jina, umekosea na kazi.

KWA NINI HOMA HURUDI

Pengine mmoja wenu atauliza: kama mwili hukumbuka adui, mbona homa ya papasi hurudi kwa mtu yule yule?

Swali ni zuri. Bakteria huyu amevaa koti la nje ambalo mwili hulitambua. Mwili ukishaandaa askari wake, huwaua karibu wote, na homa hushuka. Lakini wachache hubadili koti. Askari hawawatambui. Hao wachache huzaana hata wakawa wengi, na homa hupanda tena. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepoa siku ya tano hajapona. Adui amekwenda kubadili nguo.

NJIA YA TATU: UZAO

Muda mrefu ulipita. Miaka ya 1950 wajuzi walichimba mashimo ya ngiri katika Tanganyika. Walikuta papasi humo, lakini hawakumwona bakteria wa homa ndani yao. Mwaka 1962 G. A. Walton, aliyefanya kazi Kenya, aliwagawa papasi wenyewe katika aina mbalimbali, akatenga wale wa mashimo na wale wa nyumbani. Watu wengi wakaridhika kwamba Borrelia duttonii hukaa kwa mtu na kwa papasi wa nyumbani tu, wala hana makao mengine.

Kisha ikaja njia ya uzao. Kila kiumbe kina maandishi ya urithi ndani yake, yaitwayo DNA. Maandishi hayo yana herufi 4 tu, ambazo wajuzi huziita A, C, G na T. Ninyi mliojifunza herufi za kwetu mwajua kwamba kwa herufi chache huandikwa maneno yasiyo na idadi. Bakteria wawili waweza kufanana kwa umbo, lakini maandishi yao yakisomwa, ukoo wao hujulikana.

Sehemu ya kazi hiyo ilihusu papasi na wagonjwa wa hapa kwetu, Mvumi, karibu na Dodoma. Mvumi ni katika Ugogo, juu ya ile njia ya misafara tuliyoitaja. Mwaka 1999 wajuzi walitangaza kwamba wamefaulu kumkuza Borrelia duttonii ndani ya chupa, nje ya mwili wa mtu au mnyama, jambo lililokuwa limewashinda wengi. Mwaka 2003 Mtanzania William Kisinza na wenzake wakatangaza habari mpya kutoka kule kule: katika papasi na katika damu ya watoto walisoma maandishi ya Borrelia mwingine, ambaye hakuwa katika orodha yoyote. Mwaka 2007 ikaelezwa kwamba alama za Borrelia zimekutwa katika kuku na nguruwe wa vijijini. Basi lile neno lililoaminiwa, kwamba bakteria huyu hana makao ila kwa mtu na papasi, likafunguliwa upya.

Na mwaka 2008 wajuzi walisoma maandishi yote ya ndugu wawili, yule wa papasi na yule wa chawa. Yule wa papasi alikuwa ametoka katika damu ya mtoto wa Tanzania mwenye umri wa miaka 2. Walipolinganisha, walishangaa. Wale ambao Breinl na Novy waliwatenga mwaka 1906 ni jamaa wa karibu mno. Maandishi ya yule wa chawa ni kama kitabu kile kile cha yule wa papasi, ila kimenyofolewa kurasa. Wazee wale hawakudanganya. Mwenendo wa hawa wawili ni mbalimbali kweli. Lakini zizi walilozaliwa ni moja.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Wasikilizaji, sasa turudi nyumbani.

Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilimalizika mwaka 1928. Mgodi wa Geita ulitoa dhahabu tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, ukafunguliwa tena kwa mitambo mipya mwaka 2000. Katikati ya hayo almasi ilipatikana Mwadui mwaka 1940. Kila jambo la namna hii huwakusanya watu. Hata leo, dhahabu ikisikika mahali, vijana hufika kwa mamia na kujenga vibanda vya muda juu ya ardhi tupu. Kila mmoja ana mkeka na gunia lake. Njia ya misafara imekwisha, lakini desturi ya kulala leo hapa na kesho kule haijakwisha.

Tena kuna hatari mpya. Zamani homa yoyote ilipimwa kwa darubini. Mpimaji aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kuuona na ule waya uliosokotwa. Siku hizi mahali pengi hutumika kipimo cha haraka cha malaria. Ni kipimo kizuri, na kimeokoa watu wengi. Lakini hutafuta malaria peke yake. Borrelia hakimwoni kabisa. Na dawa za malaria haziwezi kumponya mgonjwa wa papasi.

Basi ukipimwa na kuambiwa huna malaria, na homa ikaondoka na kurudi, mweleze mganga wa zahanati mambo mawili. Mwambie homa ilianza lini na ilirudi lini. Mwambie kama nyumba unayolala ina papasi. Maneno hayo mawili yaweza kumfanya atoe damu yako na kuitazama kwa darubini wakati homa imepanda, maana ndipo bakteria huonekana. Dawa zipo hospitalini nazo huponya. Lakini zitolewe na mganga, kwa sababu baada ya dozi ya kwanza homa huweza kupanda kwa nguvu kabla ya kushuka, na mgonjwa hutakiwa kuangaliwa. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo wasicheleweshwe hata siku moja.

Na nyumbani je? Ziba nyufa za kuta. Piga sakafu iwe ngumu, na ukiweza itie saruji. Lala kitandani, na kitanda kisiguse ukuta. Toa mikeka na magunia juani, uyakague kabla ya kuyaingiza katika nyumba mpya. Kuku wasilale chumba kimoja na watoto. Huko Mvumi, miaka ya 1990, nyumba zilipulizwa dawa ya kuua papasi, na watoto wadogo walioshikwa na homa hii wakapungua.

Orodha ya bakteria hawa bado haijafungwa. Wajuzi watazidi kusoma zile herufi 4. Lakini kuna maandishi mengine ambayo yatawasaidia, nayo mwaweza kuyaandika ninyi wenyewe. Andika katika daftari lako: jina la mgonjwa, siku ya homa ya kwanza, siku ilipoondoka, siku iliporudi. Mistari hiyo minne yaweza kuokoa mtu.

Haya, mpaka juma lijalo. Kwa herini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja njia tatu ambazo mchungaji hutumia kuwatenganisha ng'ombe. Wajuzi wa bakteria walizitumiaje?
2. Papasi na kupe wa ng'ombe wana tofauti gani katika kunyonya damu?
3. Kwa nini kuchemsha nguo peke yake hakutoshi kuondoa homa ya papasi?
4. Eleza kwa maneno yako kwa nini homa hii hurudi.
5. Katika kijiji chenu, au katika kambi ya machimbo iliyo karibu, papasi huitwaje kwa lugha ya wenyeji? Wazee husema nini juu yake?